Mifumo ya nyota inanimalizia wiki nzima, wachezaji wanaulizia mafuta tu

Ticha_wa_Tanga

Wakuu habari za jioni.

Naomba msaada kwa wenye uzoefu wa kuendesha michezo ya kuigiza ya mezani (mwendeshaji anasimulia, kila mchezaji anaigiza mhusika wake, dadu zinaamua), hasa ile ya anga za mbali. Mimi nafundisha fizikia sekondari, na kila Jumapili baada ya chakula cha mchana tunakaa barazani kwangu watu watano. Mimi ndiye mwendeshaji. Wachezaji ni mdogo wangu ambaye ni fundi simu, jirani yangu muuguzi, na vijana wawili niliowafundisha zamani: mmoja siku hizi ana bodaboda, mwingine yuko chuo. Dadu zetu ni za ludo, za pande 6. Tuko mwezi wa saba sasa na kundi halijavunjika, na ningependa lisivunjike.

Tatizo langu ni maandalizi. Kila mfumo wa nyota ninaotaka wafike, nauandaa wote. Naanza na nyota yenyewe: uzito, mng'ao, umri. Nakuja kwenye idadi ya sayari, umbali wa kila moja, kipenyo, msongamano, mvutano, angahewa, joto la wastani. Halafu miezi, na miezi nayo naipigia hesabu zilezile. Nina kaunta buku ya kwaya 3 imejaa, na mifumo iliyomo ni 6 tu.

Jumapili iliyopita ndiyo imenifanya niandike. Niliandaa mfumo wenye sayari 9 na miezi 31. Ilinichukua jioni nne, nikimaliza kusahihisha madaftari ya wanafunzi ndipo nashika la kwangu. Sayari ya sita ilikuwa na pete, na nilikokotoa kivuli cha zile pete kinaangukia latitudo gani kila msimu. Wakafika. Mdogo wangu akauliza, "Hapa mafuta tunajaza wapi?" Muuguzi naye akataka kujua kama kuna hospitali, maana mhusika wa yule kijana wa bodaboda ana jeraha la mguu tangu wiki ya nyuma. Nikafunua kurasa. Sina bandari, sina hospitali, sina hata jina la mtu mmoja. Ikabidi nibuni kantini palepale, na saa tatu nzima wakawa humo wakibishana na mwenye kantini juu ya deni la supu na betri. Walifurahi mno. Kaunta buku haikufunguliwa tena.

Sayansi sitaki kuiacha. Kijana wa chuo aliniambia kanuni ya tatu ya Kepler, ile inayounganisha umbali wa sayari na urefu wa mwaka wake, ilimwingia kichwani hapa barazani, darasani ilikuwa imempita. Sitaki kumpa sayari ambayo yote ni jangwa na nyingine ambayo yote ni barafu bila sababu. Ila jioni nne kila wiki sina tena. Mnapunguzaje kazi bila kuidanganya fizikia?

Kete_Mbili

Pole Ticha. Rudi kwenye chimbuko. Mchezo wa Traveller, wa kuigiza safari za anga, ulipotoka Marekani mwaka 1977 iliandaa dunia moja tu kwa kila mfumo, ile kuu yenye watu na bandari. Mambo ya kuandaa mfumo mzima yaliongezwa baadaye. Na dadu zake ni za pande 6, kwa hiyo ludo yako inatosha.

Ukubwa: rusha dadu 2, toa 2. Kila pointi ni kama kilomita 1,600 za kipenyo. Angahewa: dadu 2, toa 7, jumlisha ukubwa. Maji: dadu 2, toa 7, jumlisha angahewa, na kila pointi ni asilimia 10 ya uso. Watu: dadu 2, toa 2, jibu lako ni idadi ya sifuri. Yaani 3 ni maelfu, 6 ni mamilioni.

Nimerusha sasa hivi, nakuandikia zilivyotoka. 4 na 3, ukubwa 5, kilomita 8,000. Kisha 6 na 3: tisa toa saba jumlisha tano, angahewa 7, ambayo kwenye jedwali ni nzito kama yetu ila imechafuka, huivuti bila kichujio. Kisha 4 na 1, maji 5, nusu ya uso. Kisha 3 na 2, watu 3, maelfu. Mwisho jitu la gesi, yaani sayari kubwa ya gesi kama Mshtarii: dadu 2, ikitoka 10 kwenda juu halipo. Nimepata 8, lipo, na vyombo vinaweza kuchota mafuta huko. Dakika 2. Ichukue, ni ya Jumapili yako.

Ticha_wa_Tanga

Asante sana kaka. Lakini hapo ndipo roho inagoma. Mirihi ina kipenyo cha kilomita 6,800 hivi, na angahewa yake imebaki chini ya asilimia 1 ya yetu. Hii yako ya kilomita 8,000, ikiwa imeumbwa kwa mawe kama ya Dunia, mvutano wake ni kama 0.63. Gunia la kilo 50 la mchele utalibeba kama la kilo 31. Inashikaje hewa nzito vile, na bahari juu yake? Kijana wa chuo ataniuliza kabla hata hawajashuka ngazi.

Baharia_Mstaafu

Ticha mwanangu, salaam kutoka Mombasa.

Nimefanya kazi melini miaka 22, chumba cha injini, na sasa mchezo huu nauendesha kwa wajukuu wangu na wenzao, huku Likoni. Nitakwambia ninavyoandaa, na ubaharia ndio ulionifundisha.

Meli ikikaribia bandari isiyoijua, hakuna anayekusomea jiografia ya nchi. Unataka kujua kina cha maji, rubani anapanda wapi, mafuta na maji ya kunywa yanapatikana gati gani, forodha watakushikilia siku ngapi, na kama mabaharia wanaruhusiwa kushuka. Milima ya nchi ile ipo, mito ipo, lakini inakufikia kupitia gatini. Kama bara kuna ukame, utaujua kwa bei ya mboga pale langoni. Basi mimi naandaa kuanzia gatini kwenda nje. Wewe ulianzia juani ukija ndani, na Jumapili ilifika kabla hujafika gatini.

Sasa hilo swali la hewa usilifute, tafadhali. Dadu zimekupa zawadi. Dunia ndogo, hewa nzito kupita kiasi, hewa hiyo imechafuka, watu elfu chache. Jiulize nani anaitengeneza hewa. Kuna mitambo. Imechafuka kwa nini? Mtambo mmoja unachoma kitu usichopaswa kuchoma, au wamekosa vipuri. Wale maelfu ni mafundi na familia zao. Anayeshika funguo za mtambo ndiye serikali, hata kama hana cheo. Kijana wako akiuliza hewa inakaaje, mwambie ni swali zuri, mhusika wake ashuke akamuulize fundi. Namba mbili zikigombana, ugomvi wao ndio kisa cha siku hiyo.

Na kama hutaki mitambo, iko njia nyingine: baridi. Titan, mwezi wa Zohali, una kilomita 5,150 tu, na hewa yake inabana mara moja na nusu ya yetu, kwa sababu kule ni nyuzi 180 chini ya sifuri na gesi haina nguvu ya kutoroka. Ila hapo bahari ya maji utaisahau, itakuwa jiwe.

Kuhusu nyota, mimi narusha mara moja tu. Dadu 2. Ikitoka 2 hadi 8, kibete chekundu, yaani nyota ndogo yenye mwanga hafifu. 9 au 10, nyota ya rangi ya chungwa. 11, ya manjano kama Jua letu. 12, kitu cha pekee: nyeupe yenye joto kali, au kibete cheupe kilichobaki baada ya nyota kufa. Nyekundu inatokea mara 26 katika 36, na angani nako karibu robo tatu ya nyota zote ni hizo. Watu hawaamini kwa sababu hakuna hata moja inayoonekana kwa macho matupu. Hata Proxima Centauri, iliyo jirani yetu kuliko zote, miaka ya nuru 4.24, huioni bila darubini.

Ukishajua rangi, mengine yanakuja bure. Wewe ni mwalimu, utayahakiki. Umbali wa kukalika unafuata kipeuo cha pili cha mng'ao, na mwaka unafuata Kepler. Nyekundu ya wastani, yenye mng'ao wa sehemu moja ya mia ya Jua na uzito wa 0.3 ya Jua: dunia yako ikae umbali wa 0.1 (umbali wa Dunia na Jua ukiwa 1), mwaka wake ni siku 21. Ya chungwa, mng'ao wa robo na uzito wa 0.7: umbali wa 0.5, mwaka ni miezi 5. Ya manjano, unaijua. Nimeyaandika matatu hayo nyuma ya kadi moja na sijapiga hesabu nyingine mwaka wa pili huu.

Lakini la maana kuliko yote kwa nyekundu ni kwamba dunia iko karibu mno na jua lake, na kwa kawaida hufungika: upande mmoja unalitazama jua daima, mwingine ni usiku daima. Watu wanakaa kwenye mpaka. Mwaka jana nilikuwa na mji wa namna hiyo. Jua limekaa kwenye upeo wa macho, jekundu, pana mara 3 ya letu, halipandi halishuki. Mjukuu wangu akauliza, "Babu, hapa saa ngapi?" Nikafungua mdomo nimjibu, nikanyamaza. Sisi saa zetu zinahesabiwa toka jua linapochomoza na toka linapozama. Pasipo na magharibi, saa moja ni saa moja toka nini? Mwenzake akauliza swala ya magharibi inaswaliwa wakati gani, na kijana wa tatu akauliza mwezi wa Ramadhani watafuturu vipi.

Tulikaa na hilo jioni nzima, na wao ndio walioujenga mji. Wakasema mtaa wa mashariki unahesabu toka king'ora cha zamu ya kwanza, na mtaa wa magharibi, ambao wazee wao walikuja kwa chombo kingine, una king'ora chake, tofauti ya saa tano. Soko la huku linafunguliwa wakati kule wamelala. Msikiti mmoja, adhana mbili. Wezi wanafanya kazi katika zile saa tano. Mchezo wa miezi mitatu ulitoka kwenye dadu mbili zilizosema nyekundu.

Neno moja la tahadhari: vibete vyekundu vingi vina tabia ya kulipuka ghafla na kumwaga mionzi, na wanasayansi bado wanabishana kama hewa ya sayari zake inasalimika. Mimi nimeufanya ubishi huo kuwa king'ora cha tatu. Kikilia, kila mtu chini ya ardhi, hata kama unakamata mwizi.

Mvuvi_wa_Dunga

Mzee Baharia, heshima kwako, ila nataka kumtetea Ticha kidogo. Ile furaha ya kuukokotoa mfumo mzima ni furaha ya kweli, na aliyeionja haiachi. Ushauri wangu: chagua mfumo mmoja tu, ule wa nyumbani ambako wachezaji wanarudi kila mara, uandae mpaka vivuli vya pete. Kwingine kote tumia anga yenyewe, kwa sababu kazi imeshafanywa.

Chukua TRAPPIST-1, kibete chekundu kilicho miaka ya nuru 40 hivi toka hapa. Sayari 7 za ukubwa unaokaribia wa Dunia, idadi hiyo kamili imetangazwa mwaka 2017. Ya ndani kabisa inazunguka kwa siku 1 na nusu, ya nje kabisa kama siku 19. Zimebanana kiasi kwamba ukisimama kwenye moja, jirani yake akipita angani anaonekana mkubwa kuliko mwezi wetu. Safari ya sayari hadi sayari ni kama kuvuka kutoka Kisumu kwenda visiwani. Huhitaji kurusha hata dadu moja.

Na nyie wa Tanzania mna nyota yenu. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Wanaastronomia uliruhusu kila nchi kuipa jina nyota moja na sayari yake. Tanzania ikaiita WASP-71 Mpingo, na sayari yake Tanzanite. Sisi Kenya tukapewa HD 83443, tukaiita Kalausi, sayari ikawa Buru. Hayo ni maneno ya Kijaluo. Kalausi ni kile kimbunga kinachozunguka kikipanda juu, na buru ni vumbi. Nikiwa mdogo tulikuwa tukiiona kalausi inakuja uwanjani tunakimbia huku tumefumba macho, kwa hiyo siku niliposikia jina hilo liko angani nilitoka nje usiku nikatazama kusini, ingawa nilijua siwezi kuiona.

Zote mbili ni sayari jitu za gesi zilizokaribiana na nyota zao mno, mwaka wake ni kama siku 3. Hakuna pa kukanyaga. Lakini weka kituo kinachozunguka Tanzanite kikijificha ndani ya kivuli chake, na wenyeji wanaojua kwamba kikitoka kivulini kwa muda mrefu chuma kinaanza kulainika. Ukishasema jina, kundi lako la Tanga litataka kwenda.

Ticha_wa_Tanga

Shikamoo mzee Baharia. Kaka Kete, kaka Mvuvi, asanteni mno. Jana tumecheza, nawapa mrejesho.

Nilichukua dunia ileile ya kilomita 8,000. Nyota nikarusha 3 na 4, nyekundu. Nikaandika kila kitu kwenye kipande kimoja cha kadi ya manila, upande mmoja: gati, nani anauza mafuta, nani anashika funguo za mtambo, hewa ina harufu gani (nimeipa harufu ya betri iliyochemka), mwaka siku 21, jua halisogei. Mji nimeuita Nanga. Jumla dakika 40, na katika hizo 15 nilikuwa nahakiki hesabu za mzee. Ziko sawa. 

Kijana wa chuo aliuliza swali la hewa kabla hawajafungua mlango, kama nilivyosema. Nikamjibu kama nilivyoelekezwa. Akakaa kimya kidogo, akasema, "Basi twende mtamboni." Hawakuulizia mafuta mpaka mwisho. Muuguzi alikwenda kwenye zahanati na jeraha la mguu, akaona watoto wote waliopo benchini wanakohoa kikohozi cha aina moja, akaanza kuandika wanatoka mtaa gani. Aliyafanya yote mwenyewe, mimi nilikuwa nimeandaa benchi tu.

Ila aliyenishangaza ni mdogo wangu. Kazi yake ni simu na paneli za sola, na hajawahi kupenda mambo ya sayari. Akasema: kama jua halisogei, paneli zote za mji zimefungwa kudumu zikiangalia upande mmoja, hakuna anayezigeuza, na anayejenga ghorofa mbele yako amekuibia umeme wa maisha. Kwa hiyo kesi za hapa zote ni za kivuli. Kisha akafikiri zaidi akasema nyuma ya kila nyumba kuna kivuli ambacho hakijaondoka tangu nyumba ijengwe, na huko ndiko wanakoweka maziwa na samaki. Sikuwa nimeliwaza hilo. Nimelikokotoa usiku, na ni kweli: jua likiwa chini vile, nyumba ya meta 4 inatupa kivuli cha makumi ya meta, na kivuli hicho hakipungui wala hakirefuki.

Swali langu la mwisho. Lile jitu la gesi nalo wanataka kulifuata Jumapili ijayo, wamesikia kuna kambi kwenye mmoja wa miezi yake. Miezi ndiyo iliyokuwa ikinimaliza. Kwenye mwezi nishike nini na niache nini?

Baharia_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hilo la kivuli nitaliiba.

Mwezi, shika mambo mawili. Kwanza, miezi mikubwa iliyo karibu na jitu lake nayo imefungika, inalitazama jitu uso mmoja. Kwa hivyo mzunguko mmoja ndio siku yake. Europa inazunguka Mshtarii kwa siku 3 na nusu, basi ukiwa pale mchana ni saa 42 na usiku saa 42. Pili, lile jitu halitembei angani. Kama kambi iko upande unaolitazama, liko palepale juu ya paa maisha yao yote, na kila mzunguko linaficha jua kwa saa kadhaa katikati ya mchana. Kama kambi iko upande wa pili, kuna watoto waliozaliwa pale ambao hawajawahi kuliona, na wanawaomba wageni wawasimulie.

Ni upande gani? Rusha dadu moja, shufwa au witiri. Mafuta ni barafu, wanaikata na kuiyeyusha. Miezi mingine yote iache bila majina hadi mtu aulizie.

Na yule mwenye kantini wa Jumapili ile ya kwanza, mhamishie huko. Bado wana deni naye la supu na betri.